Mbuzi wa Maziwa Asiuzwe Usiku

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lokori)

    Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo moja tu, yaani pesa ya siku ya shida: inatoka wapi, inakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kuigusa.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Miaka iliyopita tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja cha akina mama, si mbali na mto Kerio. Kilikuwa kikundi kizuri: wanachama 20, mkutano kila wiki, kitabu safi. Sisi ndio tuliowafundisha. Na kila tulipofika tulirudia neno lile lile: "Pesa isilale. Pesa inayolala haizai." Basi wakatusikia. Kila shilingi iliyoingia ilikopeshwa. Huyu alinunua sukari na majani ya chai akauza, yule alinunua ngozi, mwingine mbuzi wa kupeleka soko la Lokichar. Faida ikaingia, na sisi tukafurahi, tukaandika ripoti nzuri.

Usiku mmoja mtoto wa mwanachama alishikwa na homa kali, akaanza kupata degedege. Mama akakimbia kwa mwekahazina. Mwekahazina hakukataa, alifungua sanduku mbele yake. Ndani mlikuwa na kitabu, kalamu na muhuri. Kitabuni kulikuwa na zaidi ya shilingi elfu thelathini. Sandukuni hakuna hata ya nauli. Mwenye gari alitaka alipwe kwanza. Mama akarudi bomani, akatoa mbuzi wanne wa maziwa, akawauza usiku ule ule kwa mchuuzi, kwa bei ya wawili.

Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini tulipokuja kwa mkutano, yule mama alituuliza swali moja tu: "Pesa yetu ilikuwa wapi?" Tukamwonyesha kitabu. Akasema, "Kitabu hakiwashi gari."

Na hasara haikuishia usiku ule. Mbuzi wanne wa maziwa ni chai ya watoto kila asubuhi, ni vitoto vya mwaka ujao. Kiangazi kilipofika, nyumba ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kukopa unga dukani. Homa ya siku tatu ilikula mali ya miaka mitatu. Ndiyo maana leo tunasema: pesa nyingine ni ya kuzaa, na nyingine ni ya kulala. Ile ya kulala ina kazi yake. Inalala ili sisi tuweze kulala.

Ghafla ni nini?

Mtu akiulizwa kwa nini ana deni, atasema, "Ilikuja ghafla." Hebu tuangalie. Karo na sare za shule zinakuja ghafla? Hapana, kalenda tunaijua. Kiangazi je? Kila mwaka kinakuja, tusichojua ni ukali wake. Malaria baada ya mvua? Mto Kerio kujaa? Mtoto wa kuzaliwa? Mama ana miezi tisa ya kuhesabu. Haya yote tunajua yatakuja. Yanahitaji akiba yake, kila moja na mpango wake.

Ghafla ya kweli ni mtoto aliyeumwa na nyoka, mama aliyepata shida wakati wa kujifungua na anahitaji gari hadi Lodwar, nyumba iliyoungua, kifo, watu waliokimbia fujo barabarani na kufika na nguo za mwilini tu. Hatuwezi kujua ni nani wala lini. Lakini katika watu 20 tunajua kwamba mwaka huu litampata mmoja wetu, au watatu. Basi tuseme ukweli: kwa mtu mmoja ni ghafla, kwa kikundi ni jambo la kutegemewa.

Benki ya miguu minne

Mtatuambia, "Lakini sisi tuna mbuzi. Mbuzi ndiye benki yetu." Ni kweli, na hatukuja kuwadharau wazee. Mbuzi anazaa, anatoa maziwa, anakufuata mkihama. Lakini Waswahili husema akiba haiozi, na mbuzi anaoza. Mwaka 2006 ugonjwa wa PPR ulionekana hapa Turkana, ukaua mbuzi na kondoo wengi na kuenea sehemu nyingine za nchi. Tena kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo. Nyinyi mnajua kuliko sisi yaliyotokea bomani. Na ubaya wa benki hii ni kwamba siku unayotaka kutoa, wote wanataka kutoa. Kila mtu anapeleka mbuzi sokoni, mbuzi amekonda, bei inaanguka, unga unapanda.

Wazee walilijua hili. Ndiyo maana mzee mwenye akili hakuweka wanyama wake wote mahali pamoja. Alikuwa na rafiki wa mifugo huku, mwingine upande wa ziwa, mwingine kule milimani. Alimpa huyu mbuzi, akapewa na yule ng'ombe. Ugonjwa au wavamizi wakipiga upande mmoja, alikuwa na pa kwenda kuomba, na hakuna aliyemwita ombaomba, kwa sababu naye alikuwa ametoa. Mfuko wa dharura ni akili ile ile ya wazee. Tofauti ni kwamba rafiki ni kikundi, na mnyama ni shilingi.

Tuanze nyumbani

Wengi wanasema, "Nitaweka akiba nikipata ya kutosha." Wapi! Ya kutosha haijawahi kuja. Tunaweka siku ile ile pesa inapoingia, kabla ya kupita dukani. Umeuza kikapu, makaa, au mtama wa shamba la Morulem? Umepokea pesa za HSNP, au za wazee za Inua Jamii? Toa kidogo kwanza, funga kwenye kitambaa chake. Anayeweka shilingi 50 kwa wiki, hata akikosa wiki 12 za kiangazi kikali, kwa wiki 40 ana shilingi 2,000. Hiyo ni gari hadi zahanati, dawa na chakula cha njiani bila kugusa mbuzi.

Yusufu kule Misri alishauri kuweka sehemu moja katika tano wakati wa neema. Sisi hatusemi moja katika tano, kwa mwenye watoto saba ni nyingi. Tunasema kidogo, lakini kila mara.

Baba na mama wajue wote wawili. Akiba iliyofichwa kwa mume, au kwa mke, ikigunduliwa inaleta vita. Kaeni, kubalianeni: hii ni ya nini, na hii si ya nini. Si ya pombe, si ya simu mpya, si ya mgeni wa harusi.

Halafu kikundi

Wale mnaofanya mzunguko, ile merigoraundi, mnajua ubaya wake: zamu yako ni mwezi wa nane, shida yako imekuja mwezi wa tatu. Mzunguko ni mzuri kwa kununua sufuria na mabati. Kwa shida haufai peke yake.

Mwaka 1991, kule Niger, nchi kavu kama yetu, shirika la CARE lilianza na akina mama wa Maradi vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mpango ule umefika nchi nyingi, na Kenya pia. Siku hizi vikundi vingi vya namna hiyo vina mifuko miwili ndani ya sanduku moja: mmoja wa mikopo, mmoja wa jamii kwa ajili ya shida. Hawachanganyi. Kama tungekuwa tumeshika somo hilo mapema, yule mama angekuwa na mbuzi wake.

Tufanye hesabu. Watu 20, kila mtu shilingi 20 kwa wiki, ni 400. Kwa wiki 40 ni shilingi 16,000. Kila mmoja ametoa 800 tu. Peke yako, 800 haiwezi kukodi gari. Pamoja, 16,000 inaweza kuokoa nyumba kadhaa.

Sasa masharti. Tunawaomba mkubaliane haya kabla ya shida kuja, maana shida ikishaingia mlangoni hakuna anayefikiri vizuri.

1. Mfuko wa dharura uwe na kifuko chake. Haukopeshwi kwa biashara, hata kama faida ni tamu namna gani, hata kama anayeomba ni mwenyekiti.

2. Andikeni mambo ambayo mfuko unalipa. Yawe machache: ugonjwa mkali, uzazi wenye shida, msiba, moto au mafuriko. Karo isiingie hapa.

3. Wekeni kipimo. Kwa mfano, mtu mmoja asipewe zaidi ya 2,000 kwa mara moja, ili wa kwanza asimalize za wote.

4. Amueni: ni zawadi au mkopo bila riba? Vikundi vingine vinasema msiba ni zawadi, ugonjwa unarudishwa polepole. Mkubaliane wenyewe.

5. Wekeni sharti la usiku. Hili wengi husahau. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, vizuri sana. Lakini mmoja akiwa amehamia malishoni, mtoto afe kwa sababu ya ufunguo? Basi sehemu ndogo, tuseme 2,000, ikae nje ya sanduku kwa mtu anayeaminika, aitoe pamoja na shahidi mmoja wa kamati. Mkutano unaofuata, wote wawili wanasimama na kueleza.

6. Wasiojua kusoma wasiachwe gizani. Mwisho wa kila mkutano, mwekahazina ahesabu kwa sauti, na wote warudie: "Mfuko wa shida una shilingi kadha." Kila mtu aende nyumbani na namba hiyo kichwani. Mkutano ujao mnaanza na namba hiyo kabla ya kufungua. Kitabu kinaweza kudanganya, lakini vichwa 20 kwa pamoja ni vigumu.

7. Mfuko ukitumika, mnaanza kuujaza tena wiki ile ile.

Mahali pa kuweka, na mitego

Pesa zikizidi, zisikae nyumbani. Hapa kwetu tunajua wezi na tunajua uvamizi. Pelekeni kwa wakala wa benki kwa jina la kikundi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 vikundi vingine vinaweka kwenye simu. Ni sawa, lakini laini ya mtu mmoja na namba ya siri ya mtu mmoja ni mfuko wa mtu mmoja. Kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu 10. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii.

Mtego wa kwanza ni mkopo wa simu. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019. Ni rahisi kuingia, hata usiku wa manane. Lakini mtu anayekopa hapa kulipa pale anachimba shimo kwa kujaza lingine.

Mtego wa pili ni kuacha kadi ya malipo kwa mwenye duka kama rehani ya unga. Hapo hujui tena deni ni kiasi gani. Pesa inaingia, na wewe unaambiwa tu, "Bado." Mfuko wa kikundi ukiweza kukomboa kadi moja, umekomboa nyumba nzima.

Na tusisahau bima ya afya. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kwa nyumba isiyo na mshahara kiwango cha chini kiliwekwa shilingi 300 kwa mwezi, na ya mwaka kulipwa pamoja, yaani 3,600. Kwa wengi wetu ni mzigo kutoa mara moja. Lakini akiba ya 70 au 75 kwa wiki inaifikia. Mfuko wa dharura hauwezi kulipa upasuaji. Utalipa gari, bima isaidie na mengine.

Ukweli wa mwisho

Hatutaki kuwadanganya. Kiangazi kama cha 2022 kikirudi, kikapiga nyumba zote 20 siku moja, mfuko huu hautatosha. Ni wa kuinua nyumba moja wakati nyingine zimesimama. Kwa kiangazi dawa ni nyingine: kuuza baadhi ya mbuzi mapema, wakiwa bado wanono, na kuidai serikali na mashirika kwa sauti moja. Hata hapo, kikundi kilichozoea kuhesabu pamoja kinasikika kuliko mtu mmoja.

Kile kikundi chetu hakikuvunjika. Walitupa kazi ya kuandika masharti mapya, wao wakisema, sisi tukiandika. Sharti la usiku ni la yule mama. Leo yeye ndiye anayeshika zile 2,000. Zimetoka mara kadhaa, na kila mara zimerudishwa. Tulipomuuliza kama ana neno la kuwaletea, alisema, "Waambie waulize kila wiki pesa iko wapi. Wasingoje usiku."

Basi kabla hamjaondoka, kila kikundi kikae peke yake na kijibu maswali haya:

– Usiku wa leo, mtoto wa mmoja wetu akiugua, pesa iko wapi? Si kitabuni. Wapi?

– Ni nani anaweza kuitoa, na kama hayupo, ni nani?

– Mwaka uliopita ni nyumba ngapi kati yetu ziliuza mnyama kwa bei ya hasara? Kwa sababu gani?

– Kila mmoja wetu anaweza kutoa ngapi kwa wiki, hata wiki mbaya?

Msitupe majibu sisi. Peaneni ninyi kwa ninyi. Sisi tutarudi mwezi ujao, na tutaanza kwa kuwauliza namba moja tu, ile iliyo vichwani mwenu.