Mshipa Umefungwa, Maumivu Yamebaki

Nilikuwa Ruhembe, wilayani Kilosa, kwenye miwa. Jioni mkata miwa mmoja alinivuta pembeni, mbali na wenzake, akaninong'oneza: "Kaka, wewe mtu wa redio unaongea na madaktari. Mwezi wa tano huu tangu nipasuliwe mshipa, na bado naumwa. Au walinikosea?"

Nilimuuliza, mshipa gani? Akashangaa. Kwake mshipa ni mshipa.

Hapo ndipo penye utata. Sisi ngiri tunaiita mshipa, busha tunaliita mshipa. Yeye, kwa maelezo yake, alikuwa na verikoseli, yaani vena za korodani zilizotanuka kwa sababu damu inarudi chini badala ya kupanda. Mara nyingi huwa upande wa kushoto, maana vena ya upande huo huingia kwenye vena ya figo kwa pembe inayoipa damu kazi ya kupanda. Wanaume kama 15 katika kila 100 wanazo, na wengi hawaumwi kabisa.

Basi sikilizeni hili. Mtu anaweza kuwa na vena zilizotanuka, na kinachomuuma kikawa kingine: ngiri changa, uambukizo katika mrija wa mbegu ulio nyuma ya korodani, jiwe la figo, hata uti wa mgongo wa mtu anayeinama na panga tangu alfajiri. Vena zikifungwa, maumivu yanabaki palepale. Daktari wa upasuaji hakukosea mkono. Ugonjwa wenyewe haukutafutwa vya kutosha.

Lakini pia upasuaji wenyewe unaweza kuacha kitu. Vena moja ikisahaulika, uvimbe hurudi. Mirija ya majimaji ikifungwa pamoja na vena, maji hujaa, na mtu aliyekwenda na verikoseli anapata busha. Mshipa wa fahamu ukiguswa au ukinaswa katika kovu, maumivu huwa ya kuchoma na kushuka hadi pajani. Na mara chache ateri huumia, korodani ikasinyaa.

Majuma ya kwanza kuuma ni kawaida, hasa kwa aliyerudi kubeba mizigo kabla ya wakati. Yakipita miezi 3, si kawaida tena. Arudi akapimwe kwa mkono akiwa amesimama, apigwe ultrasaundi, apimwe na mkojo. Ikishukiwa fahamu, sindano ya ganzi hupigwa karibu na kinena. Maumivu yakitulia, chanzo kimejulikana. Homa, usaha, au maumivu makali ya ghafla hayasubiri hata kesho, kwani korodani iliyojisokota hufa ndani ya saa chache.

Kumpasua tena mtu bila kujua chanzo, mimi nakuona ni kubahatisha.

Nilimuuliza yule bwana kama amerudi kwa waliompasua. Hakurudi. Zahanati ya karibu, muuguzi ni binti wa jirani yake, angemwambiaje? Nilimshauri aombe kuonana na mwanamume, na achukue karatasi aliyopewa siku ya kutoka wodini, inayoonyesha walifunga nini.

Akacheka kidogo. Karatasi, alisema, ililiwa na mchwa.