Mwenzetu Aliyepasuliwa Moyo



Mwenzetu akipasuliwa moyo, mara nyingi madaktari hukata mfupa wa kifua kwa msumeno, kisha huufunga kwa waya. Ngozi hupona upesi, lakini mfupa hutaka majuma 6 hadi 12. Sasa tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ya Kenya humpa aliyekwisha fanya kazi miezi 2 angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Basi majuma 2 yakiisha, mfupa bado haujaunga. Siku zilizobaki ni za nani? Ni zetu sisi.

Kutoa pole na kuondoka hakutoshi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na yeye hatakiwi kuinua hata kilo 5. Basi mmoja achote maji, mwingine achanje kuni, mwingine atembee naye jioni, kila siku hatua kidogo zaidi. Msimwache akatupa dawa zake kwa kuona amepona. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, miguu ikivimba au pumzi ikimpaa, mpelekeni hospitali ya Msambweni siku ile ile.

Na chama kikikaa na waajiri, tudai siku zaidi za ugonjwa ziandikwe katika mapatano. Kidole kimoja hakivunji chawa.