Wakati Nao ni Kiumbe



Ndugu Waislamu wa Jinja na Mbale, vijana huwauliza walimu wao swali hili: kabla ya ulimwengu kuumbwa, kulikuwa na nini? Aulizaye hivyo hastahili kukemewa, astahili kujibiwa.

Mtu wa Jinja akisimama ukingoni mwa mto Nile hudhani ya kuwa maji yale yalikuwako siku zote. Lakini wataalamu waliochunguza matope ya chini ya ziwa Victoria wamegundua ya kuwa, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, ziwa hilo lilikauka, kisha likajaa tena. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona Speke mwaka 1862, yalitoweka lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mtu wa Mbale naye huudhani mlima Masaba, uitwao pia Elgon, kuwa ni wa milele; kumbe ulizaliwa na moto wa chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na mvua zaupunguza daima.

Na mbingu je? Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alionyesha ya kuwa makundi ya nyota yaliyo mbali yazidi kwenda mbali. Wataalamu wakahesabu kwa kurudi nyuma, wakaona ya kuwa vyote vilikuwa vimebanana pamoja yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Waislamu nao husoma katika Sura ya Anbiyaa habari ya mbingu na ardhi zilizokuwa zimeambatana, kisha zikatenganishwa. Hata hivyo, Qur'ani isifanywe mtumwa wa hesabu. Hesabu hubadilika, nayo haibadiliki.

Jibu la swali la vijana lilikwisha tolewa na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Aliwajibu wanafalsafa waliodai ya kuwa ulimwengu hauna mwanzo, akaeleza ya kuwa wakati nao ni kiumbe, ulioumbwa pamoja na ulimwengu. Basi asemaye "kabla" amekwisha utaja wakati. Na wakati usipokuwapo, neno hilo halina pa kusimama. Asiye na mwanzo ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Kilicho na mwanzo kina mwisho. Wataalamu wasema jua litakwisha nguvu baada ya miaka kama bilioni 5. Lakini Kiama hakimo katika hesabu hizo. Ilimu yake i kwa Mola peke yake, na kuitangaza tarehe yake ni hatari. Huko Kanungu, magharibi ya Uganda, mamia ya watu waliangamia mwaka 2000 baada ya viongozi wao kuwatangazia mwisho wa dunia. Wengi walikuwa wamekwisha uza mali zao. Msiba ule si wa kuchekwa, ni wa kuzingatiwa.

Mtume alifundisha kinyume cha hayo: mwenye mche mkononi, hata Kiama kikisimama, na aupande akiweza. Basi mkulima wa Masaba na apande buni wake, mzazi amsomeshe mwanawe, mwenye deni alipe, na sala isimamishwe kwa wakati wake. Mwisho wa ulimwengu haujulikani. Lakini siku ya leo imekwisha kabidhiwa kila mtu, naye ataulizwa juu yake.