Kufunga Chombo kwa Maji Yajayo

Hotuba ya Katibu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu katika sherehe ya miaka kumi



Katika sherehe kama hii ni desturi kutaja magunia yaliyonunuliwa, fedha zilizolipwa na akiba iliyosalia. Hesabu hizo mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi wa ofisi ya Katibu tumetakiwa kusema juu ya jambo moja la kazi, nasi tumechagua kamba ya nanga. Kila gunia la mbata tulipelekalo bara kwa mashua hukaa kwanza saa nyingi ndani ya chombo kilichofungwa, likingojea maji. Hata mkulima ambaye hajapata kushika kasia katika maisha yake, mali yake imekwisha kutegemea fundo lililofungwa na mtu mwingine.

Bandari zetu ni za maji haba. Hapa Mafia, gati lipo Kilindoni, lakini mashua ndogo bado hutia nanga karibu na pwani, na maji yapwapo hukalia mchanga. Ng'ambo, huko Nyamisati, pana matope na mikoko. Katika mwambao huu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za kujaa huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda meta 3 na kuzidi. Siku za maji mafu hupanda kama meta 1 tu. Mahali pale pale ambapo asubuhi mtoto alikuwa akiokota chaza, alasiri mtu mzima hawezi kusimama.

Kwa sababu hiyo, chombo hakifungwi kwa maji tuyaonayo, bali kwa maji yajayo. Hili ndilo neno letu la leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Kwanza, yatupasa kuichagua sehemu wakati maji yamepwa, kwa miguu na kwa macho. Mchanga ulio sawa ni mwema. Jiwe moja lililofichwa na nyasi za bahari latosha kuvunja ubao, kwa kuwa chombo kilichojaa shehena hukalia jiwe hilo kwa uzito wake wote.

Pili, urefu wa kamba hupimwa kwa kina cha maji makuu. Tuseme maji yatajaa meta 3, nayo omo ya mashua imeinuka meta 1 juu ya maji: jumla ni meta 4. Mahali palipo shwari, kamba na iwe mara tano ya jumla hiyo, yaani meta 20, karibu pima 11. Wakati wa kusi kali na iwe mara saba, yaani meta 28, zaidi kidogo ya pima 15. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, ikang'oka. Kamba ndefu huivuta kwa ubavu, ikazidi kujichimbia. Iwapo nanga imeshika mwambani na kamba ni fupi, omo huzuiwa chini wakati tezi inapanda, na chombo hujaa maji kikiwa kimefungwa vizuri sana.

Tatu, kamba ndefu hukipa chombo nafasi ya kuzunguka, nacho kikapiga majirani zake. Basi nanga mbili hutumika: moja ya omo iliyotupwa upande wa bahari kuu, na ya pili ya tezi iliyopelekwa upande wa pwani. Chombo hukaa katikati, hupanda na kushuka, bila kutangatanga. Na nanga zote mbili ziwe mbali na mahali mkuku utakapotua, kwani chombo kikilalia makucha ya nanga yake hujitoboa chenyewe.

Nne, mashua yenye mkuku haiwezi kusimama peke yake maji yakiisha. Hutiwa magadi ya boriti mbavuni, ili isilale ubavu na kumwaga shehena.

Tano, tusipandishe chombo juu ufukoni siku ya bamvua kubwa. Kila siku ifuatayo maji hufika chini zaidi, na chombo kilichopwelewa hivyo huenda kisielee tena mpaka bamvua la pili, yaani karibu majuma mawili. Mbata haingoji majuma mawili. Mbata njema hubaki na unyevu wa sehemu 6 hivi katika 100; ikilowa maji ya bahari huota ukungu, na mnunuzi hupunguza bei.

Wanachama wa zamani wanaukumbuka usiku ambao mashua ya mmoja wetu iliilalia nanga yake. Ubao ulivunjika maji yakipwa, na yaliporejea yaliingia ngamani kabla mtu hajaamka. Asubuhi magunia yalitandazwa mchangani, na wanawake wakaichagua mbata kipande kwa kipande mpaka jua la utosini. Iliyosalimika iliuzwa kwa bei ya chini, na hasara haikumwangukia nahodha peke yake: iligawanywa kwetu sote, hata kwa wajane wenye minazi michache.

Ndugu wanachama, zipo sauti zinazouliza kwa nini kila mwaka twatenga fedha kwa ajili ya kamba, hali kamba hailimi wala haizai. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha ni zenu. Jibu letu ni kwamba kamba ya nailoni haiozi majini kama ya makumbi, lakini jua huidhoofisha, na ukingo wa chombo huisaga. Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Pembamba hapo hapajulikani mpaka mtu apapapase kwa vidole, na mtu huyo lazima awe ameagizwa na kulipwa.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya Mkutano huu. Kamba na nanga za kila mashua inayobeba mzigo wa Chama ziandikwe katika daftari la mali na kukaguliwa kila kabla ya kusi na kabla ya kaskazi. Kila usiku chombo kinapolala na shehena, mlinzi aliyetajwa kwa jina awepo pwani maji yanapogeuka, si yanapokwisha kujaa. Na ratiba ya maji ya mwezi ibandikwe ukutani mwa kila ghala, ili mkulima ajue siku ya kuleta mzigo kama nahodha ajuavyo siku ya kung'oa nanga.

Miaka kumi imepita, na kwa sehemu kubwa bahari imetuhurumia. Lakini mwanamaji wa Kwale, kufa maji ni mazoea. Tusiyazoee maji. Tukatae kufunga vyombo vyetu kwa kadiri ya utulivu wa leo, nasi tutakuwa tumewatendea haki wale waliotukabidhi jasho lao.

 Ushirika udumu.