Amri ya Gari la Umeme



Katika mwezi wa Januari mwaka 2024, Waziri wa Uchukuzi wa Ethiopia, Alemu Sime, alitangaza kwamba gari lisilokwenda kwa umeme halitaruhusiwa tena kuingia katika nchi ile. Na kwa tangazo hilo dola ya Wahabeshi, ambayo si tajiri, na ambayo takriban nusu ya raia wake hawajapata kuona taa ya umeme ikiwaka nyumbani mwao, ilizitangulia dola kubwa za Ulaya, ambazo ziliuweka mwaka 2035 kuwa ukomo wa kuuza magari mapya ya petroli na dizeli, na tangu ziuweke hazijaacha kuhojiana kama ukomo huo udumu au ulegezwe. Wako walioipokea habari hiyo kwa mshangao na wako walioicheka. Mimi naiona ni habari ya kutafakariwa kwa makini, kwa kuwa suala lililomo ndani yake litabisha hodi Nairobi, Dodoma na Kampala kabla ya miaka mingi kupita: je, serikali ina haki ya kumwamuru raia anunue gari la namna gani?

Sababu ya amri ile haikuwa moshi peke yake. Ilikuwa pia hazina. Kila lita ya mafuta iunguzwayo katika barabara za Addis Ababa hununuliwa kwa fedha za kigeni, hushushwa katika bandari ya Djibouti, kisha hupandishwa kwa malori mamia ya kilomita hadi nyanda za juu, na fedha hizo ndizo zile zile ambazo zingenunua dawa, mbolea na mitambo. Kwa upande wa pili, nchi ile imejaliwa neema ya mito: bwawa kuu juu ya Mto Abay, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2011 na likazinduliwa rasmi Septemba 2025, lina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 5,000, na umeme wa nchi nzima karibu wote watokana na maji. Fauka ya hayo, serikali ilikuwa imelegeza kabla ya kukataza. Ushuru wa forodha wa gari la umeme lililokamilika ulishushwa hadi asilimia 15, lililoundwa nusu asilimia 5, na lile liletwalo vipande vipande ili liunganishwe kwa mikono ya vijana wa nchi halikutozwa kitu. Dola yenye umeme wake yenyewe na mafuta ya kununua ugenini, ikiwataka raia wake washike kilicho chao, haistahili kuchekwa.

Wasemao kwamba gari ni mali ya mtu na serikali isimwingilie mwenye mali yake, wamesahau jambo ambalo dola zetu zililitenda si zamani sana, nalo likatufaa. Mwezi wa Juni mwaka 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika walio kusini mwa Sahara walikutana Dakar, wakaafikiana kuiondoa risasi katika petroli, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa ili injini zisigonge, na ambayo yalikuwa yakitoka katika ekzosi na kuingia katika damu ya watoto na kuidhoofisha akili yao. Na ilipofika Januari 2006 petroli ya namna hiyo haikuuzwa tena katika eneo lote hilo. Hakuna dereva aliyeombwa kura yake, wala hakuna mnunuzi mmoja mmoja ambaye angeweza kwa fedha yake mwenyewe kumnunulia mtoto wake hewa safi, kwa sababu hewa haina mpaka wa kiwanja wala hati ya kumiliki. Penye madhara yanayomfika asiyekuwa na sauti katika biashara ile, hapo ndipo amri ya dola inapopata uhalali wake, na moshi wa magari ya dizeli katika miji yetu ni madhara ya aina hiyo hiyo.

Walakini kuna tofauti kubwa ambayo insafu haituruhusu kuipita kimya. Petroli isiyo na risasi iliingia katika tanki lile lile la gari lile lile, na mwenye gari aliendelea na safari yake. Ilhali amri ya magari ya umeme humtaka mtu anunue chombo kipya, chenye bei kubwa mwanzoni ingawa matumizi yake ya kila siku ni nafuu, na humtaka akichaji kwa umeme ambao pengine haujafika kwao, au umefika na hukatika. Kwa hiyo swali la kwamba dola ina haki au haina, mimi nalihesabu kuwa limejibiwa. Swali zito zaidi ni hili: amri imwangukie nani kwanza?

Hapa ndipo ninapotofautiana na Wahabeshi. Katika nchi yao yenye watu zaidi ya milioni 100, magari yote yalihesabiwa kuwa takriban milioni 1.2 tu; raia walio wengi hawamiliki gari wala hawatalimiliki karibuni, bali hupanda basi dogo lenye msongamano, na basi hilo ndilo linalozunguka tangu alfajiri hadi usiku likitoa moshi. Gari la mtu binafsi hushinda limeegeshwa kivulini sehemu kubwa ya siku. Betri ile ile, ikitiwa katika chombo kinachotembea mchana kutwa, huokoa mafuta mengi mara nyingi zaidi, na faida yake humfikia abiria maskini kabla ya kumfikia mwenye nyumba yenye ua na geti.

Rwanda imeuona ukweli huo vizuri. Tangu Januari 2025, katika jiji la Kigali, pikipiki mpya za kubeba abiria hazisajiliwi isipokuwa za umeme, na zile za petroli zilizokuwako zikaachwa ziendelee na kazi. Dereva hapotezi saa akingoja chaji. Hufika kituoni, huitoa betri iliyokwisha na kupewa iliyojaa, naye huondoka baada ya dakika chache. Aliyekuwa na chombo hakunyang'anywa riziki, na anayeingia katika kazi hiyo leo anajua sharti kabla ya kukopa. Naisifu amri hiyo bila kusita.

Kuna funzo jingine, la mbali kidogo. Mwaka 1990 jimbo la California nchini Marekani liliwalazimisha watengenezaji wakubwa wa magari kwamba ifikapo mwaka 1998 asilimia 2 ya magari wauzayo yasiwe na moshi kabisa, na asilimia 10 ifikapo 2003. Watengenezaji walilalamika, na mwaka 1996 masharti ya miaka ya mwanzo yakaondolewa. Gari la umeme la kampuni ya General Motors, ambalo wateja walikodishwa bila kuuziwa, likarudishwa na mengi yakasagwa chuma. Hata hivyo mzizi wa sheria haukung'olewa, na miaka iliyofuata kampuni ya Tesla ilipata fedha nyingi kwa kuwauzia wenzake vibali vya kutimiza sharti lile. Sheria ile ilimfunga mwenye kiwanda, ikamwacha mnunuzi huru, nao ndio mpango wa haki. Norwe ilitumia njia ya kusamehe kodi miaka mingi, hata mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme bila sheria ya kukataza. Lakini Norwe ina akiba ya mafuta ya kuulipia msamaha huo, nasi hatuna.

Sisi hatuna viwanda vya kufungwa kwa sheria, tuna bandari. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje ya nchi zilizoyatumia, na asilimia 40 yaliletwa Afrika. Kadiri mataifa tajiri yanavyoyaaga magari ya petroli, ndivyo meli zitakavyozidi kutia nanga Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimejaa yale waliyoyakataa. Kenya ilikwisha kuweka sharti kwamba gari lililotumika lisizidi umri wa miaka minane. Sharti kama hilo, likimfunga mwagizaji mkubwa wa magari na likikazwa kidogo kidogo, lina nguvu kuliko hotuba nyingi. Na katika kukaza huko magari ya mseto, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, yapewe nafasi yake, maana hayangoji nguzo wala waya, na katika foleni za mijini hupunguza sana mafuta. Mkulima wa Songea au mwuguzi wa Kigoma asiadhibiwe kwa kuishi mbali na kituo cha kuchajia.

Nami siwasahau ndugu zetu wa Kolwezi, wazungumzao Kiswahili kama sisi, ambao ardhini mwao hutoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, wakiwamo wachimbaji wa mikono wanaoshuka mashimoni bila kinga. Dola inayoamuru betri ina wajibu wa kuuliza betri hiyo imetoka wapi, hasa kwa kuwa ziko betri zisizotumia kobalti kabisa, na sharti la kuzipendelea laweza kuandikwa katika zabuni yoyote ya mabasi.

Mwezi wa Juni, bajeti zitakaposomwa Nairobi na Dodoma, ningependa kusikia amri ya magari ya umeme, nayo ianze na mwenye kuamuru: magari ya wizara na mashirika ya umma, kisha mabasi ya miji, kisha bajaji na bodaboda mpya, pamoja na mikopo yenye riba ndogo kwa vijana waziendeshao. Mwenye gari moja kuukuu analolitumia kupeleka mahindi sokoni aachwe mpaka mwisho, na tarehe ya kumgusa isiwekwe kabla umeme haujafika kijijini kwake na kuwaka mwaka mzima bila mgao.