Mzigo Haujiendeshi

Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Njia hiyo ndiyo tegemeo la Uganda na Sudan Kusini, na shehena yake kubwa hubebwa na malori.

Mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipozuka, wasafiri walizuiwa mipakani lakini malori yakaruhusiwa. Madereva walisubiri vipimo Malaba kwa siku kadhaa, wakilala ndani ya magari, huku wakinyooshewa vidole kwamba wanaeneza maradhi. Hao hao ndio waliofikisha chakula na dawa.

Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilikuwa imeamuru makontena yasafirishwe kwa reli mpya. Miji ya Mariakani na Mtito Andei, inayoishi kwa kuwalisha madereva na kutengeneza malori yao, ilionja makali ya amri hiyo, hadi ilipoondolewa mwaka 2022.

Reli ikifika Malaba, swali hilo litarejea. Wakuu watahesabu makontena na saa za safari. Wamhesabu na dereva pia: mkataba wake, bima yake na mahali salama pa kulala.