KIPIMO NACHO HUPIMWA

Ninyi mlioketi darasani Mpwapwa, Bahi, Kondoa, Chamwino na kwingineko, karibuni katika somo letu. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: sampuli, silikoni, kitambuzi.

Tuanze na neno la kwanza. Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mnunuzi hasadiki gunia kwa kulitazama nje. Huchukua bambo, akalichoma gunia, akatoa punje chache za ndani. Je, zimekauka? Zimetobolewa na wadudu? Zina ukungu? Punje hizo chache ndizo sampuli. Kwa hizo ataamua kununua au kuacha.

Leo tutaona wataalamu wakifanya kazi kama hiyo kwa kitu kidogo na cha thamani kubwa, yaani kitambuzi cha silikoni.

Silikoni hutoka katika mchanga. Mchanga mweupe huyeyushwa na kusafishwa sana, kisha silikoni yake hukatwa kuwa sahani nyembamba. Paneli nyingi za sola mnazoziona juu ya mapaa zimetengenezwa kwa silikoni. Mwanga wa jua ukiipiga, umeme hutoka. Kitambuzi ni ndugu wa paneli hiyo, lakini kazi yake si kuwasha taa. Kazi yake ni kutoa habari. Chembe ndogo mno, isiyoonekana hata kwa hadubini, ikipita ndani yake, umeme kidogo sana hutoka, na mashine huandika: chembe imepita hapa.

Vitambuzi hivyo hutumika wapi? Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa pana kituo cha utafiti kiitwacho CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954. Huko, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, kuna njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27. Chembe hukimbizwa humo na kugonganishwa, ili watu wajue vitu vyote vimejengwa kwa nini. Mtambo mmoja wa kutazama migongano hiyo huitwa CMS. Mwaka 2007 viliwekwa ndani yake vitambuzi vya silikoni zaidi ya 24,000. Ukivitandaza chini, vitafunika uwanja wa mita 20 kwa mita 10.

Sasa fikirini. Vikiwa vibovu, nani atavitoa? Ni lazima mtambo wote usimamishwe na kufunguliwa, kazi ya miezi mingi. Tena kitambuzi kibovu husema uongo. Chembe haikupita, nacho kinasema imepita. Mizani mbovu humdhulumu mkulima. Kitambuzi kibovu humpotosha mtaalamu. Kwa hiyo kipimo chenyewe hupimwa kwanza.

Hupimwa hivi. Kwanza, hutazamwa kwa hadubini katika chumba kisicho na vumbi, kutafuta mikwaruzo na nyufa.

Pili, hutiwa gizani. Kwa nini gizani? Kwa sababu silikoni huhisi mwanga, na mwanga ungeharibu hesabu. Humo huunganishwa na umeme kwa upande ambao kitambuzi kizima hukataa kuupitisha. Nguvu ya umeme huongezwa kidogo kidogo, hata kufikia volti mia kadhaa. Ni kama kujaza maji katika debe na kuangalia chini yake. Kitambuzi kizima huvuja kidogo mno. Kibovu huvuja sana, nacho hutengwa.

Tatu, juu ya kitambuzi kimoja kuna mistari myembamba 512 au 768. Sindano ndogo hugusa mstari mmoja baada ya mwingine, kuona upi umekatika na upi umegusana na jirani yake.

Nne, yapo majaribio ya uzee. Chembe zinazopita mwaka baada ya mwaka huichosha silikoni. Basi vipande vichache vya kila mkupuo hupigwa mionzi mikali, ili vizeeke kwa muda mfupi, kisha hupimwa. Vipande hivyo havitumiki tena. Hapa ndipo bambo linaporudi: huwezi kuharibu gunia zima ili kulijua. Sampuli ikishindwa, mkupuo wote huzuiwa mpaka sababu ijulikane.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Kongwa yetu inajua gharama ya kutopima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi wa karanga, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika nchi hii na nchi jirani. Kazi ilianza kwa haraka, bila mashamba ya majaribio ya kutosha. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika, yakaharibika. Mvua ilikosekana. Udongo ulipokauka ukawa mgumu, karanga zikakataa kung'oka. Januari 1951 mradi uliachwa, na karibu paundi milioni 36 zilikuwa zimepotea. Ekari chache, zikilimwa kwanza kwa misimu michache, zingetoa jibu kwa bei ndogo.

Ndugu zangu, kupima si kumtukana muuzaji. Muuzaji mwaminifu hukubali. Siku utakaponunua paneli ya sola, mwombe fundi aipime juani kwa mita kabla hujalipa, mwandiko wa nyuma ya paneli usomwe, na namba hizo mbili zilinganishwe. Wewe sasa unajua kusoma. Zisome mwenyewe.

Maswali ya kikundi

1. Bambo hufanya kazi gani?
2. Kwa nini kitambuzi hupimwa gizani?
3. Kwa nini vitambuzi vyote havipigwi mionzi mikali ya majaribio?
4. Mjadala: Mkitaka kupanda mbegu mpya kijijini, mtaijaribu vipi kwanza, na kwa eneo gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.